Mji Usiojua Kama Umeanguka

Jana mchana, baada ya kula, Mwanatumu alijinyoosha mkekani akaota kwamba amefika kwenye mji anakosoma binti yake, na mji wenyewe umelala ubavu.

Hakushangaa. Binti yake, Zawena, alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi ng'ambo, katika nchi iliyoingia vitani na jirani yake, na tangu Jumapili simu yake ilikuwa haipatikani. Redio moja pale nyumbani Korogwe ilisema mji umeanguka. Nyingine ikasema mji umesimama imara. Mumewe, Shemdoe, alizisikiliza zote mbili, kila sikio na yake.

Sasa Mwanatumu anatembea juu ya kuta, maana barabara zimesimama wima. Anamkuta Zawena jikoni, ameketi juu ya dirisha, amekumbatia sufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Bado. Kila nikibandika wali, redio moja inasema tumeanguka, mji unalala. Nikiokota punje, ya pili inasema tumesimama, mji unainuka. Bibi wa ghorofa ya chini nimemwazima khanga ajifungie kitandani."

Papo hapo mji unainuka. Wali unamwagika tena. Mwanatumu anamsaidia kuokota, kisha anajitanda khanga yake na kwenda kuuliza.

Redio mbili zimekaa barazani, zimevaa tai, zinakunywa maji ya mfereji mmoja.

"Nani kati yenu ameuona mji?" anauliza.

"Sisi hatuoni, mama," ya kwanza inajibu kwa adabu. "Tuna spika, macho hatuna."

"Lakini tuna chanzo cha kuaminika," ya pili inaongeza, ikionyesha maji yanakotoka.

Anaufuata mfereji. Watu wamechutama kando yake; kila mmoja anatia kijiko cha chumvi, kisha anamwambia mwenzake kwamba maji ni safi. Wa mwisho ni Shemdoe, amevaa msuli wake wa kulalia.

"Baba Zawena, na wewe?"

"Natia kidogo tu," anasema, macho chini. "Nikishasikia baya kuliko yote, hakuna litakalonikuta sijajiandaa."

Mwanatumu hamgombezi. Anampangusa chumvi ndevuni, anamnyang'anya kijiko polepole, na wanaendelea wameshikana mikono, jambo ambalo hawajalifanya tangu walipokuwa wachumba.

Chanzo ni kijichemchemi kisichozidi bakuli. Kinasema kwa haya:

"Mimi nilisema mlango umeanguka. Mlango wa yule bibi wa chini, ulitikiswa na kishindo. Huko mbele ukawa nyumba, nyumba ikawa mtaa. Nilipoambiwa umekuwa mji, nikanyamaza. Mimi mdogo."

"Hukukosea," Mwanatumu anakiambia. "Hukusikilizwa tu."

Wanarudi mjini na kuukuta mlango sakafuni. Ni wa kijani, rangi bado mbichi. Shemdoe anashika bawaba, Zawena anagongea misumari kwa mwiko, Mwanatumu anausukuma kwa viganja vyote viwili. Mlango unakaa. Mji unajaribu mguu mmoja, unajaribu wa pili, kisha unatulia. Wali unaiva.

"Haya, kuleni," Mwanatumu akasema, na sauti yake mwenyewe ikamwamsha.

Shemdoe alikuwa amesimama juu yake na simu mkononi. Mtandao ulikuwa umerudi, na Zawena ametuma ujumbe wa sauti.

"Shikamooni wazazi wangu. Mimi mzima. Kishindo kiliangusha mlango wa bibi wa chini, basi. Na sasa hivi tumeukuta umepachikwa, wala haijulikani nani kaupachika. Msiwe na wasiwasi."

Wakausikiliza mara ya pili, kisha mara nyingine tena, kwa ajili ya sauti yenyewe. Ndipo Mwanatumu akatazama viganja vyake. Vilikuwa na rangi ya kijani, mbichi. Akaipangusa taratibu kwenye pindo la khanga.

Shemdoe alikuwa keshaanza kuwaandikia ndugu, akisoma kwa sauti huku machozi yakimtoka: "Alhamdulillahi, mji mzima umesimama..."

"Andika mlango, Baba Zawena," alisema mkewe, akimsogelea begani. "Mlango tu."