Kilichogandisha Maziwa

Siku ya Diwali, nyumbani kwetu Milimani, mgeni akiingia mama yangu humwekea kipande cha mithai ya maziwa kiganjani. Akiwa mtu wa nyumbani, mama humlisha mdomoni kwa mkono wake, naye hulishwa vivyo hivyo. Hakuna aliyewahi kuieleza desturi hii. Huonekana tu. Rafiki yangu Jacinta amekuwa akilishwa mdomoni tangu tulipokuwa kidato cha pili.

Mama yangu, Lata, ambaye sote tunamwita Ba, hajawahi kula nyama, samaki wala yai. Mimi hula samaki. Kazi yangu ni kupima minofu ya sangara maabarani kabla haijasafirishwa, na jioni nikila omena kwa rafiki, Ba anajua na haulizi. Sharti lake ni moja: mezani kwake kisiwekwe chochote chenye mnyama ndani yake.

Jacinta alijifunzia jibini jikoni mwa Ba. Ba alimwonyesha paneer, jibini ya Kihindi: maziwa yachemke, ndimu ikamuliwe, yakatike, yachujwe kwa kitambaa na kukandamizwa kwa jiwe la kusagia viungo. Msichana yule aliyekuja kunisaidia hesabu akawa anakuja kumsaidia Ba kuchuja. Baadaye alikwenda kusomea mambo ya maziwa, akarudi na kufungua kiwanda kidogo nyuma ya nyumba yake Nyamasaria. Tangu hapo, meza ya Diwali ya Ba imekuwa na sinia la jibini za Jacinta.

Kuchagua ni kazi yangu. Wageni wetu ni majirani, watu wa kanisa la Jacinta, wenzangu wa kazini, na familia za Kihindi na za Kalasinga zinazotufahamu tangu enzi za babu. Wamezoea maziwa ya mala na chai ya maziwa. Jibini yenye ukungu wa buluu wataiona imeoza, na inayonuka wataifunika kwa karatasi wakidhani hatuwaoni. Kwa hiyo huchagua zisizo kali: gouda changa, mozarela, haloumi, na ile nyeupe laini yenye jira. Ba husimama kando ya sinia na kuwaambia wageni, "Kula bila wasiwasi. Yote hapa mimi nakula." Wengi wasiokula nyama mjini hapa walianza kununua kwa Jacinta kwa sababu ya maneno hayo.

Maneno hayo yalikuwa na msingi. Jibini nyingi, tofauti na paneer, hazigandi kwa ndimu. Hugandishwa kwa dawa ambayo asili yake ni tumbo la ndama anayenyonya. Kuna dawa nyingine inayotokana na kuvu, isiyo na mnyama. Jacinta alipoanza kazi, tulikaa watatu jikoni, nikamweleza Ba tofauti hiyo. Jacinta akamshika mkono na kumwahidi kwamba hatatumia ya ndama kamwe. Ba alinigeukia mimi, si yeye. "Komal, hiyo ya kuvu kweli iko?" Nikasema iko. Akaridhika.

Dawa ya kuvu ina kasoro. Jibini ikikaa miezi mingi huanza kuwa na uchungu kidogo, ambao hauji mara moja. Hufika mwishoni, kwenye shina la ulimi. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuchagua changa.

Mwaka huu nilikwenda Nyamasaria Ijumaa, Diwali ikiwa Jumapili. Jacinta alinipangia vipande kwenye ubao, kila kimoja na kisu chake, na glasi ya maji. Nilionja cha kwanza, nikasukutua, nikaonja cha pili.

"Ameanza," alisema Jacinta. "Onja kama binadamu basi. Unatafuna kama polisi."

"Mozarela ina chumvi nyingi."

"Mozarela ina chumvi ya kutosha. Ni ulimi wako umekauka kwa kuonja samaki za watu."

Nilicheka. Nikaona gouda moja kwenye rafu ya juu, ganda lake limekuwa la rangi ya asali. Nilimwomba anikatie.

"Hiyo ya nini? Hiyo ni mzee. Ni ya hoteli. Wageni wa Ba hawawezi hiyo."

"Ni ya kuonja tu."

Alisita, kisha akakata kipande chembamba. Ilikuwa nzuri sana, tamu kama karanga. Nilingojea uchungu. Haukuja. Nikakata kingine, nikangojea tena.

"Umebadilisha nini?"

"Maziwa. Siku hizi nachukua ya huko Nandi. Ng'ombe wao wanakula nyasi ya maana."

Nyasi haziondoi uchungu ule. Nilikuwa nafungua kinywa kusema hivyo pikipiki ya maziwa ilipopiga honi getini, akatoka kuipokea. Glasi yangu ilikuwa tupu. Nikafungua friji kutafuta maji.

Nyuma ya chupa kulikuwa na mtungi wa kioo wenye maji ya chumvi. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kitu cha rangi ya manjano iliyofifia, chenye mikunjo mirefu iliyolala sambamba. Lilikuwa tumbo la nne la ng'ombe; niliwahi kulipasua chuoni. La ng'ombe aliyekomaa lina mikunjo mipana. Hii ilikuwa midogo, ya ndama.

Niliutoa mtungi na kuuweka mezani, kando ya ubao. Jacinta aliporudi na ndoo, aliuona kabla hajaniona mimi.

"Hiyo ni ya oda nyingine," alisema.

"Ya oda gani?"

"Komal."

"Kwenye ubao huu, ipi imegandishwa kwa hii?"

Aliweka ndoo chini. Alifuta mikono kwenye aproni, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Zote," alisema. "Paneer ndiyo haina. Paneer ni ndimu."

"Tangu lini?"

"Ile ya kuvu ilikuwa inaniharibia, nyamera, dada yangu. Jibini ikikaa inakuwa chungu, hoteli zinarudisha. Na hii naitengeneza mwenyewe, matumbo napata machinjioni. Wewe unajua hii biashara..."

"Tangu lini, Jacinta?"

"Mwaka jana. Mwanzoni."

Diwali huangukia karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo jibini ya Diwali iliyopita ilikuwa ya ndama. Nilikumbuka nilivyoisifu. Nilimwambia ameimarika, naye akasema asante.

"Ni matone tu kwa pipa zima la maziwa," alisema. "Wewe ni mtu wa maabara, piga hesabu. Kinachobaki ndani hata mashine yako haitakiona."

Alikuwa sahihi kuhusu kiasi. Lakini Ba hakuwahi kuuliza ni kiasi gani. Aliuliza kama kimo au hakimo.

"Na yeye ni mzima," Jacinta aliendelea. "Kwani aliugua? Alipata hata kichefuchefu? Mbona unaniangalia hivyo, wewe ndiye unakula omena hapa kwangu na ukienda kwenu unasugua meno kwanza!"

"Ba anajua nakula omena."

Alianza kukusanya visu kutoka ubaoni.

"Ungeniambia," nilisema.

"Ningekuambia, ungeondoa jibini yangu kwa meza yenu. Wateja wangu wote wa mjini walionja hapo kwanza. Ba akisema nakula, wanakula."

"Ndiyo. Ningeiondoa."

"Basi."

Hilo "basi" alilitamka kwa sauti ya mtu aliyemaliza kueleza jambo lililo wazi. Ndipo nilipokumbuka sehemu iliyobaki. Mwaka jana, baada ya Ba kumlisha mithai, Jacinta alikata kipande cha gouda, akakipaka asali, akamlisha Ba mdomoni. Watu walipiga makofi. Nina picha yake kwenye simu. Ba amefumba macho.

"Ulimlisha kwa mkono wako," nilisema.

Jacinta aliutazama mtungi. "Watu wote walikuwa wanaangalia. Ningefanya nini?"

Nilimwambia aje amwambie mwenyewe kabla ya wageni kufika, kwa sababu ahadi aliitoa yeye. Alisema atakuja kesho asubuhi. "Naapa, nyamera. Kesho." Niliondoka bila jibini.

Nilimwambia Ba kwamba Jacinta atakuja kuzungumza naye. Alifurahi. Jumamosi aliamka akamtilia chai ya tangawizi kwenye chupa, akaketi barazani akisokota tambi za pamba za vibatari. Kutoka pale huonekana ghuba, na siku hiyo gugumaji lilikuwa limejaa hadi ufukoni, kijani mfululizo kama uwanja wa mpira. Jacinta hakuja. Nilipiga simu, ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Mchana chai ilipokuwa imepoa nilimwambia Ba, kwa mpangilio ule ule nilivyoyagundua: uchungu uliokosekana, mtungi, jibu la Jacinta.

Aliendelea kusokota tambi mpaka nikamaliza.

"Yeye alijua?" aliuliza.

"Alijua."

"Wakati ananilisha?"

"Alijua, Ba."

Aliinuka, akaenda jikoni, akafungua bomba. Alisukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Nilitaka kumwambia kwamba karibu mwaka mzima umepita na maji hayo hayawezi kutoa kitu. Alipofunga bomba alitoa sufuria kubwa kabatini, akaniambia nikanunue maziwa na ndimu.

Sinia la mwaka huu lilikuwa la paneer tupu. Nyingine tuliiacha nyeupe, nyingine tukaitia jira, nyingine pilipili manga, nyingine tukaikaanga kidogo kwa samli. Hakuna jibini isiyo kali kuliko hiyo. Wageni walipojaa sebuleni na vibatari vikawashwa kwenye ngazi, Ba alisimama mahali pake kando ya sinia.

"Mwaka jana mimi nilisema jibini yote haina mnyama," alisema. "Ilikuwa na ndama. Mimi sikujua. Lakini nyinyi mlikula kwa neno yangu. Pole sana."

Hakutaja jina. Haikuhitajika. Bwana Sukhdev, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye naye hali nyama, aliweka sahani yake chini taratibu. Mkewe alimuuliza jambo kwa Kipunjabi. Mtu mmoja wa kanisa la Jacinta alitazama mlango.

Jacinta aliingia muda mfupi baadaye, amevaa sari ya zambarau ambayo Ba alimpa alipofuzu chuo. Alikuwa amebeba boksi lililofungwa kwa utepe. Alinitazama mara moja tu, haraka, jinsi mtu anavyotazama kama mlango umefungwa, na nikaelewa kwa nini hakupokea simu. Alikuwa na hakika kwamba singeweza kumwambia Ba. Alidhani upendo wangu kwa mama yangu ungenifanya nimfiche jambo hilo.

"Ba! Happy Diwali!" Alifungua boksi mbele ya watu wote. Ndani yake mlikuwa na gouda changa, nzima, ya mviringo. "Hii ni yako peke yako. Ile unapenda."

"Asante," alisema Ba. Alilipokea boksi kwa mikono miwili, akanipa mimi. Nililiweka sakafuni, mbali na meza.

Kisha Ba alichukua kipande cha mithai. Jacinta, kama kila mwaka, aliinama kwa sababu ni mrefu kuliko Ba, akafungua mdomo na kufumba macho. Alikaa hivyo. Ba aliushika mkono wa Jacinta wa kulia, akaugeuza juu, akamwekea mithai kiganjani.

"Karibu," alimwambia, na akamgeukia mgeni aliyefuata.