Maandishi Ndani ya Kifuniko

Jumanne ilikuwa siku ya Signe ya zamu ya kukata jibini, naye aliingia duka la ushirika, mali ya wanachama wenyewe, na furaha ya mtu aliyepewa saa tatu bila kilio cha mtoto. Kama kawaida alianzia kwenye mapipa. Alifungua la unga wa rai, ile nafaka ya mkate mweusi, akachota, akaujaza mtungi aliokuja nao, akanusa. Mzee Orrin wa kaunta akampa kipande cha tufaha, maana hakumuuzia mtu tufaha asiloonja. Sakafu ya mbao ikalia chini ya buti za Signe zenye theluji.

Alipofika kwenye friji ya mayai, alisimama. Yote yalikuwa meupe, ya ukubwa mmoja, kama meno ya bandia.

"Ya Bi Arvella yako wapi?"

Mzee Orrin akajitia anafuta mizani. "Muulize mwenye tai."

Bi Arvella alikuwa mjane wa kilima cha pili, na kuku wake walitaga mayai ya kahawia, ya kijani, mengine madogo kama ya njiwa. Aliyaleta katika maboksi yaliyokwisha kutumika. Mnunuzi alirudisha boksi akiwa ameandika neno kwa penseli ndani ya kifuniko, na wiki iliyofuata jibu lilikuja na mayai. Majira ya baridi yaliyopita Signe, na kichanga mkononi, aliandika: "Nalia kila siku, sijui kwa nini." Boksi likarudi: "Nami nililia. Kaanga mawili kwa siagi, ule wewe kwanza. Niandikie tena." Aliandika tena, na tena. Alipona hivyo, kifuniko kwa kifuniko.

Meneja, Trent Kessler, mwezi wake wa pili kazini, akatoka ofisini akinyoosha tai.

"Maboksi yale yalikuwa uchafu, dada. Na mayai yenyewe hayalingani. Wateja hawapendi."

"Mteja gani? Mtaje."

"Ni sura ya duka kwa jumla."

"Na yeye amesemaje?"

"Hakusema mengi. Jumamosi anauza kuku wote. Kwa umri ule, tumempumzisha."

"Umempumzisha? Alikutuma?" Sauti ya Signe ilianza kupanda. "Maboksi yake umeyapeleka wapi?"

"Nyuma, kwenye taka za karatasi."

Signe alitoka nyuma na aproni ya zamu tu, bila koti. Maboksi yalikuwa yamekanyagwa yakawa bapa, theluji imeanza kuyala maandishi. *Paka wetu amerudi! Mume wangu katoka hospitali, asante kwa yale ya kijani.* Chini kabisa, mwandiko wake mwenyewe: *Leo sikulia.*

Damu ikamchemka. Aliyakumbatia yote, akarudi, akayabwaga kwenye meza ya jibini, akaanza kusoma kwa sauti ya kuamsha mtaa.

"Hilo la paka ni langu," alisema Gunther fundi bomba, kashika vitunguu.

"Dada, punguza sauti, hapa ni dukani," alisema Trent.

"Ni dukani kwangu! Na kwa Orrin, na kwa huyu mwenye vitunguu! Wewe tumekuajiri, bwana. Umemtupa mtu jalalani halafu unaniambia sura ya duka?"

Kanuni zilibandikwa mlangoni tangu duka lifunguliwe: sahihi kumi za wanachama zinaitisha mkutano, na neno la mkutano liko juu ya la meneja. Signe alichana kifuniko, akaandika juu: *Mayai ya Arvella yarudi.* Akasaini, akakisukuma kwenye kaunta.

"Miaka thelathini nangoja mtu apige kelele humu ndani," alisema Mzee Orrin, akasaini wa pili. Gunther akafuata, vitunguu kwapani. Kila aliyekuja kulipa alisomewa kifuniko cha mumewe au jirani yake, na kalamu ikapita. Sahihi ya kumi ilipoingia, Trent alikwisha kurudi ofisini. Alifunga mlango polepole, kwa adabu, na adabu hiyo ikamkera Signe kuliko maneno yote.

Akashika kisu cha jibini kwa hasira ile ile. Jibini likakatika mapande mapande, hili nene, lile jembamba.

"Limepinda hilo, mama," alisema Mzee Orrin.

"Liuze hivyo hivyo."

Zamu ilipokwisha alichukua kifuniko kingine, akaandika kwa nguvu hata karatasi ikakaribia kutoboka: *Usiuze hata jogoo. Ijumaa jioni ni mkutano wa duka, nami nakuja kukuchukua kwa gari. Nina hasira, nina njaa. Nikaangie mawili.*

Kisha akavaa koti, akaenda kukipeleka mwenyewe kilima cha pili.