Viroboto wa Nyumba Isiyo na Paka

Chizuru alihamia nyumba ya marehemu mama yake, kwenye mlima wa mji wa Onomichi, Japani, baada ya nyumba hiyo kufungwa kwa miezi minne. Hata sanduku la pili hakuwa amelifungua, vifundo vya miguu vikaanza kumwasha. Jioni vilikuwa vimejaa vipele.

"Mbu hao," dada yake Fumie alimwambia kwenye simu.

"Mbu gani na baridi hii ya Novemba, dada?"

"Basi ni ngozi yako. Toka utotoni unajikuna kama nyani."

Kesho yake alivaa soksi nyeupe, akatembea juu ya mikeka ya tatami. Vidoa vyeusi vikamrukia. Viroboto! Chizuru akabaki ameduwaa. Nyumba hii haikuwahi kufuga mnyama. Mama yao akiona paka alikuwa anashika ufagio. Sasa hawa wametoka wapi? Na miezi yote hiyo wamekula nini?

Alipuliza dawa. Siku iliyofuata wakawa wengi zaidi. Akaanza kuhisi kwamba nyumba yenyewe haimtaki.

Aliteremka ngazi za mlimani mpaka kwa daktari wa wanyama, Minase.

"Mgonjwa yuko wapi?" daktari aliuliza, akichungulia nyuma yake.

"Ni mimi," Chizuru alijibu kwa aibu.

Minase hakucheka. "Kiroboto mchanga hujifungia kwenye kifuko, akakaa miezi bila kula. Dawa haipenyi humo. Akisikia kishindo cha miguu na joto la mtu, anatoka. Wewe ndiye uliyewaamsha, mama."

"Nifanyeje sasa?"

"Fyonza vumbi kwa mashine kila siku, hasa kwenye maungio ya mikeka, ukalitupe nje papo hapo. Matandiko fua kwa maji ya moto. Utaendelea kuwaona wiki mbili tatu, usiache. Ila kuna mnyama aliyewaleta. Usipompata huyo, utafyonza mpaka uzeeke."

Jumapili Fumie alikuja, wakabandua mbao za baraza kumsaka mnyama huyo. Chini yake walikuta bakuli na sweta ya zambarau iliyojaa manyoya ya kijivu.

"Si ndiyo tuliyoitafuta ili tumvike mama siku ya mazishi?" Chizuru aliuliza.

Fumie aliishika kwa ncha za vidole. "Mama? Na paka? Mama yupi huyo?"



Siku ya pili paka mwenyewe alijitokeza, amekonda, akaketi barazani kama mtu aliyecheleweshewa chakula. Chizuru alimpeleka kwa Minase, akatiwa matone ya dawa shingoni. Wiki ya tatu vipele vilikoma.

Kilichobaki kumsumbua ni jina. Mama lazima alikuwa akimwita kitu.

"Kumo?" alijaribu. "Tama? Hai?"

Paka alimtazama vilevile kwa kila jina, kisha akaendelea kula samaki wake.