Sebule Iliyogeukia Stoo

Jumanne asubuhi Bi Futi alipiga magoti kwenye zulia jipya la mkonge, akakishika chungu cha kangaga kwa mikono miwili na kukigeuza kidogo upande wa kulia. Kila anayefuga mimea ndani ya nyumba anaijua kazi hii. Mmea hufuata mwanga, na usipougeuza mara kwa mara utaegemea dirishani kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Jina la Bi Futi alipewa na mafundi, kwa sababu futikamba haikumtoka mkononi. Walidai kwamba hata siku ya harusi yake alimpima bwana harusi mabega kwanza ndipo akakubali.

Alikuwa mpambaji wa nyumba, na sebule hii ndiyo iliyokuwa kazi yake kubwa kuliko zote. Mwenye nyumba, mtu mpole wa ofisini asiyetaka makuu, na mkewe, ambaye mafundi walimwita Madam, walisema wanataka pori ndani ya nyumba, ila liwe pori lenye adabu. Bi Futi akawapa pori. Aliupaka ukuta mmoja rangi ya udongo, wa pili akaufunika kwa mimea kutoka sakafuni hadi darini, akaleta makochi ya kitani na meza fupi ya ubao wa mninga ulioachiwa gome lake pembeni. Upande wa bustani akaweka dirisha pana kama lango la shule.

Dirisha hilo halikupatikana bure. Ilibidi chumba kimoja kibomolewe, nacho kilikuwa chumba cha mama yake mwenye nyumba. Mama alihamishiwa stoo iliyo kando ya jiko, penye ndoo, pasi mbovu na ukuta usio na hata tundu la kuchungulia. Walikubaliana kwamba ni kwa muda tu. Mwenye nyumba aliyapenda maneno hayo, akawa anayarudia kila apitapo mbele ya mlango wa stoo.

Jumanne hiyo Bi Futi aliona kwamba mimea yote imeegemea, lakini si dirishani. Jua lilikuwa limejaa upande mmoja, nayo imelipa kisogo, imenyoosha majani kuelekea stoo. Alivigeuza vyungu kimoja kimoja. Alipofika cha mwisho na kutazama nyuma, vya kwanza vilikuwa vimesharudi. Akachukua futikamba, akaivuta kutoka jani hadi jani, na kila alipopima alifikia palepale, kwenye tundu la funguo la mlango wa stoo.

Madam aliingia na kikombe cha chai.

"Meza imechipua," akasema.

"Nimeona. Majani yake ni mororo, usiweke kikombe hapo."

Wakamwita seremala. Alikuja, akainama, akanusa ubao, akaugonga kwa kidole.

"Huu ubao niliukausha mpaka ukawa unalia," akasema. "Kuchipua ni hiari yake. Lakini vanishi ikibanduka msije kunilaumu."

Kufikia mwisho wa wiki zulia la mkonge lilikuwa limetoa miche, na makochi ya kitani yalichanua vijiua vya buluu kwenye pindo. Nyumba nzima ilichangamka. Majirani walikuja wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakasimama katikati ya sebule wakivuta pumzi kwa nguvu, kisha wakaondoka kwenda kuyatazama makochi yao wenyewe kwa dharau. Bi Futi alikuwa na furaha isiyofichika. Alikuwa akiimba barabarani, alikuwa akicheka peke yake akinunua misumari. Kipya kinyemi, na hiki kilikuwa kipya ambacho hakuna mpambaji mwingine mjini aliyekuwa nacho. Tena jarida la nyumba lilikuwa limempigia simu. Jumamosi iliyofuata wangekuja kuipiga picha sebule, na ikipendeza ingekaa kwenye jalada.

Tatizo lilikuwa moja. Mmea una mbele na nyuma kama mtu, na kutoka mahali ambapo kamera ingesimama, sebule yote ilionekana kisogo.

Basi Bi Futi akaenda kugonga mlango wa stoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nyumba njema si mlango, pita ndani uone."

Bi Futi akapita, akaona. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha zamani katikati ya ndoo, redio mapajani, taa imewashwa ingawa ilikuwa mchana. Alikuwa na macho ya utani na miguu iliyovimba kwa kukosa pa kutembea.

"Wewe ndiye uliyechora?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Una mkono mzuri. Chumba kizima umekifuta kwa mstari mmoja."

Akainuka kwenda kunywa maji jikoni. Kutoka sebuleni ukasikika mchakacho wa majani mengi yakigeuka kwa pamoja. Mama alipofika kwenye mtungi, yalikuwa yameelekea kwenye mtungi. Alipokohoa, makangaga yalitikisika.

"Yananifuata tangu siku mlipoyaleta," akasema. "Hata nikienda msalani nasikia yanakwaruza mlango. Maskini, sijui nani kayaambia mimi ni jua." Akanywa, akakiweka kikombe. "Sikia, mwanangu. Mimi sidai makubwa. Dirisha tu. Nijue kama kumekucha."

Bi Futi aliona aibu, aibu ya kweli. Yeye aliyejua kila mmea unahitaji mwanga kiasi gani hakuwa amejiuliza habari za bibi kizee aliyelala mle stoo.

"Nitaongea nao, mama. Jumamosi ipite tu."

Alisema hivyo akiwa na nia safi kabisa.

Jumamosi mpiga picha alikuja na mataa yake. Bi Futi alimtoa mama stoo, akamketisha nyuma ya kamera, karibu na dirisha pana. Ilitokea kwamba palikuwa mahali palepale ambapo zamani palikuwa na kitanda chake. Mama aliitazama bustani. Aliuona mti aliokuwa akiamka nao kila siku, akauona ukuta wa jirani, akaliona wingu. Akatabasamu.

Sebule ikalipuka. Ukuta wa mimea ulichanua wote kwa mpigo, meza ikatoa shina lenye urefu wa mtoto, makochi yakawa ya buluu kuanzia mgongoni hadi miguuni, na vipepeo wakaja kutoka kusikojulikana wakatua kwenye taa. Kila ua lilikuwa limeielekea kamera.

"Mama, sogea kushoto kidogo," mpiga picha akasema. "Hapohapo. Ila usicheke sana, maua yanazidi."

Bi Futi alipiga makofi kama mtoto. Madam alimkumbatia seremala, aliyekuja kuiona meza yake na ambaye hakuwa amezoea kukumbatiwa. Hata mwenye nyumba alisema "Mambo hayo!" kwa sauti iliyosikika.

Mpiga picha alipokwisha kufunga vyombo, Bi Futi akasema alichoahidi kukisema.

"Mama anaomba dirisha."

Mwenye nyumba alilitazama zulia. "Kweli. Hata mimi nilikuwa nalifikiria."

"Angekaa tu hapa sebuleni," Bi Futi akaendelea. "Mimea yenyewe inamtaka."

"Na kiti chake kile?" Madam akauliza. "Na redio? Wageni waingie wamkute anakoroma katikati ya maua?" Hakuwa mtu mbaya. Mama mkwe hakuwahi kulala njaa mikononi mwake. "Halafu akikaa dirishani, wageni kwenye kochi wataona visogo vya majani. Tumerudi kulekule. Bi Futi, wewe ndiye mtaalamu. Tuambie akae wapi ili yawaelekee wageni."

Wote wakamgeukia. Bi Futi alitaka kusema hajui. Lakini wazo lilikuwa limeshamjia, na balaa ni kwamba lilikuwa wazo zuri. Nyuma ya kochi kubwa palikuwa na kona. Ukiiziba kwa fito nyembamba za mbao, zilizosimama karibu karibu, ungepata kiambaza cha kupendeza mno, na nyuma yake kiti kimoja kingeenea.

"Ni kwa muda?" mwenye nyumba akauliza.

"Kwa muda," Madam akasema.

Fito zilisimamishwa wiki iliyofuata. Mama aliingia nyuma yazo, akaketi, na sebule nzima ikawageukia wageni kwa heshima.

"Mwanangu," sauti ya mama ikatoka katikati ya mbao, "hapa napo hapana dirisha."

"Lakini fito zinapitisha hewa, mama."

"Hewa," mama akasema, kama anayetajiwa mtu ambaye hakumuulizia. Kisha akafungulia redio.

Tangu siku hiyo maua yalipungua, yakabaki majani, manene na ya kijani iliyokolea. Madam aliona ni afadhali, kwa kuwa maua huchafua kitani.

Jarida lilipotoka, simu ya Bi Futi haikupumzika. Mteja wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye haraka, aliyetaka sebule kama ile ya kwenye jalada, na zaidi ikiwezekana. Bi Futi alimuuliza urefu wa dari. Alimuuliza jua linaingilia upande gani.

"Na mna mzee hapo nyumbani?"

"Yupo baba mkwe. Lakini hasumbui, yeye hukaa chumbani kwake tu."

"Chumba kipi?"

"Cha mbele, kile chenye jua la asubuhi."

Bi Futi aliingoja ile aibu. Ilikuja, ndogo kuliko ya mara ya kwanza, ikakaa kidogo, ikaaga.

"Vizuri sana," akasema. "Tutaanzia hapo."