Mpira wa Rejeta ya Magige

"Si wewe uliyetangaza Kemambo nzima kwamba mpira uliokatwa na mwanamke lazima uvuje?" Waisiko, mwanamke fundi wa magari, alimuuliza jirani yake Magige. "Haya, kata mwenyewe."

"Mama Nchagwa, wakwe wananisubiri Nyambureti tupange ng'ombe wa mahari, na rejeta ya gari haishiki maji," Magige alimsihi Waisiko.

Waisiko akampa mpira wa silikoni na msumeno wa kukatia chuma. Wembe mpya, na klipu ya kufunga kuuzunguka mpira iwe mstari wa kufuata ili mkato usipinde, aliviacha mfukoni. Majirani wakajaa. Magige akakeketa, ukatoka upogo, umechanika nyuzi. Akarudia kuusawazisha, ukawa mfupi, haufiki kutoka rejeta hadi injini.

"Nipe mwingine."

"Nilikuwa nao huo tu." Waisiko akamwambia Magige huku akinawa mikono taratibu. "Ingia tule ugali, Baba Joel. Safari si huna tena?"