Zulia la Mwalimu Mkuu

Dereva huyu wa lori wenzake walimwita Masafa, kwa sababu safari fupi hakuzitaka. Ukimpa mzigo wa mji wa jirani, ananuna. Ukimpa wa mpakani, anapiga mluzi. Miaka yote hiyo barabarani hakuwahi kugonga hata kuku. Siku aliyoumia, lori lilikuwa limesimama, injini imezimwa, mzigo umeshashushwa. Alikuwa juu akikunja turubai. Akarudi nyuma kidogo ili aone kama amelikunja sawasawa, na huko nyuma hakukuwa na lori tena.

Hospitalini wakamfunga plasta kuanzia vidoleni hadi gotini, wakampa magongo mawili na amri moja: akae nyumbani mpaka mfupa uunge.

Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili na kibaraza. Chumba cha mbele kilikuwa sebule, na papo hapo ndiyo karakana ya mkewe. Mkewe alikuwa mshonaji wa nguo, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali, na wateja walimwita Fundi tu, kana kwamba duniani hakuna fundi mwingine. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha. Magauni ya watu yalining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, hata mgeni akiingia ilimbidi ainame kama anayesalimia wafalme. Binti yao wa pekee alikuwa amemaliza shule, anasubiri majibu ya mtihani, na kazi yake ilikuwa kushona vifungo na kucheka.

Masafa alizoea kuja nyumbani, akaoga, akala, akalala, akaondoka. Sasa akawa hana pa kuondokea. Mwanzoni alilala mpaka akachoka kulala. Kisha akauliza chumvi inawekwa wapi. Baada ya hapo akaanza ukaguzi.

"Huu mlango mbona unalia hivi?"

"Unalia tangu mwaka juzi," Fundi akajibu bila kuinua macho.

"Na hii kalenda? Mwaka wenyewe umeshapita, bado mmeitundika?"

"Baba, hiyo usiiguse," binti akasema haraka.

Lakini Masafa alikuwa ameshaiinua kwa ncha ya gongo. Nyuma yake palikuwa na doa la unyevu, kubwa kama sinia, rangi imebambuka na plasta ya ukuta imelainika kama uji. Akalitazama doa, akamtazama mkewe.

"Mbona hamkuniambia?"

Fundi akasimamisha cherehani. "Nilikuambia. Ulikuwa unakula. Ukasema, 'tutaona,' halafu ukasinzia na kijiko mkononi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kisha akakanyaga cherehani ikaendelea kunguruma. Masafa alirudi kwenye kiti chake, na siku ile hakukagua kitu kingine, jambo ambalo lilimtia binti wasiwasi kuliko maswali yote ya chumvi.

Asubuhi iliyofuata alikuwa nje na magongo yake, akikagua ukuta kwa upande wa pili. Akalikuta bomba linavuja taratibu pale lilipoungwa. Akaagiza fundi bomba? Hata kidogo. Aliomba kipande cha mpira wa tairi kwa jirani mwenye baiskeli, akamwelekeza binti yake namna ya kulifunga bomba kwa kulizungushia na kuvuta, kuzungushia na kuvuta, kama yeye alivyofanya mara nyingi porini akiwa peke yake na lori bovu. Maji yakakoma. Binti akashangilia kama timu yao imefunga bao.

Ukuta ukaachwa ukauke. Walipokwisha kuukwangua na kuuziba, ikabaki rangi. Mpaka rangi mmoja aliyeishi nyuma yao aliwapa mabaki yake bure: kikopo cha rangi nyeupe, kikopo cha njano, na kidogo cha kahawia kilichokuwa kimeanza kuota utando. Masafa akavichanganya vyote kwenye ndoo, akakoroga kwa fimbo, akampa binti brashi. Fundi aliporudi kutoka dukani kununua uzi, alisimama mlangoni akaukodolea ukuta macho.

"Hii inaitwa rangi gani?"

"Haijapewa jina," Masafa akasema.

"Ni chai ya maziwa ya jana," Fundi akasema, akaingia. Lakini jioni ile, binti alimwona mama yake amesimama mbele ya ukuta ule, ameuwekea kiganja, anatabasamu peke yake.

Hapo mzee akapata kichaa, kile kichaa kizuri. Dereva mwenzake aliyekuja kumjulia hali aliulizwa kuhusu matairi mabovu kabla hata hajapewa maji ya kunywa. Akaleta moja. Masafa alilisugua kwa sabuni likang'aa, akaliziba juu na chini kwa mbao nyembamba za boksi, kisha akaanza kulizungushia kamba ya katani, kuanzia katikati kwenda nje, mzunguko juu ya mzunguko, kila mmoja akiupaka gundi. Kikatoka kiti kifupi, kizuri, cha kupumzishia mguu wa mgonjwa au makalio ya mteja. Kosa lake lilikuwa moja: hakusubiri gundi ikauke. Alikikalia ili akijaribu, akasifu jinsi kilivyo imara, akataka kuinuka, na kiti kikainuka naye.

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri magauni yao walicheka mpaka mmoja akatoka nje kuvuta pumzi. Fundi ilibidi amkatie mumewe suruali kwa mkasi ule ule mkali, kipande cha nyuma chote, huku akimwambia, "Tulia, usitikisike, hapa ninapokata kuna wewe."

Kiti kikabaki na kiraka cha suruali ya kaki kisichobanduka. Masafa akasema ni pambo.

Basi akageukia sakafu. Sakafu yao ilikuwa saruji tupu, na asubuhi ilikuwa baridi. Akamwuliza mkewe kama anaweza kutumia vipande vya nguo vilivyobaki kwenye kushona.

"Vitumie vyote," Fundi akasema, akiwa amejitwika kikapu, anaelekea sokoni. "Viko kwenye mfuko, pale nyuma."

Alimaanisha nyuma ya mlango. Masafa, kutoka alipokaa, aliona mfuko nyuma ya cherehani.

Akaufungua, akafurahi moyoni. Ndani kulikuwa na kitambaa cha rangi ya zambarau iliyokolea, laini, chenye mng'ao wa taratibu. Akashangaa mkewe anavyotupa vitu vizuri. Akakichana vipande virefu vya upana wa vidole vitatu, na sauti ya kuchanika ilimpendeza kama muziki. Akavisuka vitatu vitatu, kama alivyowaona wanawake wakisuka nywele, akivichanganya na shati lake kuukuu jeupe. Kisha akauzungusha msuko kama konokono, akiushona kwa sindano nene kila unapogusana. Binti alikuwa kwa rafiki yake, laiti angekuwepo. Mchana ulipoegemea, zulia la duara, zambarau na nyeupe, lilikuwa limetandikwa katikati ya sebule, na Masafa alikuwa amekaa mbele yake kama baba wa mtoto mchanga.

Fundi aliingia, akatua kikapu. Akalitazama zulia. Akautazama mfuko mtupu nyuma ya cherehani. Nyanya moja ikadondoka kutoka kikapuni ikabingirika hadi kwenye zulia, na hakuna aliyeiokota.

"Mume wangu," akasema kwa sauti ndogo, "umefanya nini?"

"Limependeza, siyo?"

"Hicho ni kitambaa cha Mwalimu Mkuu."

Masafa aliufungua mdomo, lakini kabla neno halijatoka, mlango ulilia, na Mwalimu Mkuu mwenyewe akaingia, akiinama chini ya magauni. Alikuwa mkuu wa shule ya chekechea ya mtaa ule, mama mnene, mchangamfu, mwenye sauti iliyozoea kushindana na watoto mia.

"Hodi wenyewe! Nimepita tu kuuliza habari za gauni langu. Harusi ya mdogo wangu imekaribia, nimeshindwa kujizuia." Akasogea hadi katikati ya chumba, akatazama chini. "Ala! Na hili zulia? Zuri mno! Mmelitoa wapi?"

Fundi akamsogezea kiti cha tairi.

"Fundi, nauliza. Na kitambaa changu kiko wapi, umeshaanza kukata?"

Fundi alitaka kusema. Masafa akajiinua kwa magongo yake, akasimama wima kadiri mguu ulivyomruhusu.

"Mwalimu," akasema, "umekikanyaga."

Mwalimu Mkuu alitazama miguu yake. Akaruka pembeni kama aliyekanyaga kaa la moto, akainama, akagusa msuko mmoja kwa kidole, kisha akakaa taratibu kwenye kiti cha tairi. 

"Kosa ni langu peke yangu," Masafa akasema. "Mke wangu alikuwa sokoni. Alinionyesha mfuko mwingine. Nitakulipa, Mwalimu, hata kama ni kwa kukatwa mshahara."

"Kitambaa kile nililetewa kutoka mbali," Mwalimu akasema. "Hapa hakipatikani."

Fundi alikuwa ameshapiga magoti, anapekua kilichosalia chini ya meza ya cherehani. Alipoinuka alikuwa na kipande kizima mikononi, kile ambacho mumewe alikibakisha bila kukichana. Akakipima kwa mkono, kutoka kidoleni hadi begani, akakipima tena. Uso wake ukabadilika. Ukawa uso wa kazi.

"Simama, Mwalimu," akasema. Akakizungusha kitambaa kifuani kwa Mwalimu. "Sehemu ya juu inatoka. Hapa kiunoni tunakata, chini naweka rangi ya maziwa, ninayo nzuri. Kisha mkanda wa zambarau chini kabisa, kwenye pindo. Nipe siku mbili. Usipolipenda, nalichoma mbele yako."

Mwalimu alijitazama kwenye kioo kwa mashaka. "Na nikichekwa harusini?"

"Walete hapa," Masafa akasema. "Wanicheke mimi."

Hapo ndipo mama wa watu alipopasuka kicheko, kikubwa, cha tumbo, mpaka machozi. Akakaa tena. "Hela yako siitaki. Ila wewe baba, mguu umevunjika, mikono haijavunjika. Watoto wangu wanakaa kwenye saruji. Nataka mazulia kama haya, makubwa, yajae kona ya kusomea vitabu. Na safari hii utatumia matambara."

Gauni lilikwisha kwa wakati. Masafa ndiye aliyefumua nyuzi na kushika pindo, akamwona mkewe kwa karibu akifanya kazi: jinsi anavyoshikilia pini kwa midomo, jinsi anavyoisikiliza cherehani na kujua sindano imechoka. Alimwoa miaka mingi iliyopita na hakuwa amewahi kukaa na kumtazama akishona gauni mwanzo hadi mwisho.

"Mbona unaniangalia hivyo?" Fundi akauliza kupitia pini.

"Namwangalia dereva mwenzangu."

Harusini, Mwalimu alisimamishwa na wanawake wanne wakitaka kujua fundi wake ni nani. Wawili kati yao walifika wiki ile ile na vitambaa mkononi, na Fundi akavifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani.

Wazazi wa chekechea walituma nguo kuukuu kwa magunia. Masafa alipelekwa shuleni kila asubuhi, akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakiwa usawa wa masikio, akichana na kusuka. Binti yake alipaka makopo ya maziwa rangi, wakayapigilia ukutani yawe ya kuwekea kalamu. Masanduku ya matunda yalisuguliwa msasa yakawa rafu za vitabu. Watoto walimzunguka mchana kutwa. Siku moja mmoja wao, mwenye pengo mbele, alimvuta shati na kuuliza, "Wewe ndiyo babu wa mazulia?"

"Babu?" Masafa akang'aka. "Babu yako nani? Mimi ni anko."

"Sawa, babu," mtoto akasema, akaketi juu ya zulia jipya, akavua viatu, akafungua kitabu kichwa chini miguu juu. Nyuma yake wengine wakajimwaga kama maharage. Masafa hakubisha tena. Alipiga mluzi, ule wa mizigo ya mpakani.

Plasta ilipotolewa, mguu ulitoka mwembamba na mweupe kwa vumbi, akasema huu si wake, wamembadilishia hospitalini. Akafanya mazoezi ya kutembea uani mpaka ukakubali. Kisha tajiri wake akapiga simu: kuna mzigo. Fundi alimfungia chakula, binti akambebea begi hadi kituoni, na nyumba ikarudi kwenye ukimya wake wa zamani. Kwa siku kadhaa Fundi alijikuta akiinua kichwa kutoka kwenye cherehani ili amjibu mtu ambaye hajauliza chochote.

Ndipo simu yake ikaita, katikati ya mchana, wakati ambao Masafa hakuwa na desturi ya kupiga.

"Kuna nini? Umeanguka tena?"

"Sijaanguka. Sikiliza, mke wangu, nimesimama hapa kando ya barabara. Wamebomoa jengo, wametupa dirisha la mbao zima zima. Mwenyewe nimemwomba, ameniambia chukua. Tukilisugua, tukaliwekea vibao kwa nyuma, linakuwa rafu ya nyuzi zako."

"Lina vioo?"

"Kimoja."

Fundi alizitazama nyuzi zake, zilizorundikana kwenye beseni kama viazi. Akasukuma kiti nyuma, akainuka, akaanza kupima ukuta kwa mkono wake, kidoleni hadi begani.

"Lina upana gani?" akauliza. "Usilikisie kwa macho, nakujua. Lipime."

"Sina futi hapa."

"Basi lala kando yake uniambie linakufikia wapi."

Akasikia mlango wa lori ukifungwa, na hatua za mtu anayechechemea kidogo akishuka kwenye nyasi, akicheka.