Mtani wa Bwana Chilekwa

Mimi ndiye ninayegawa vifaa kwenye dirisha la karakana, na watu hudhani naona spana tu. Thubutu! Naona kila kitu. Nimemwona Bwana Chilekwa akila ugali wake wa nshima peke yake tangu alipomzika mkewe, mgongo kawapa watu, uso kaelekeza kwenye lori bovu. Hapa Solwezi hakuna fundi wa mitambo mikubwa anayemfikia. Na hakuna mpweke anayemfikia pia.

Upweke huo aliutafuta mwenyewe, sioni haya kusema. Siku ya msiba Wangoni walikuja kama ilivyo ada, maana Bwana Chilekwa ni Mbemba, na Mbemba na Mngoni ni watani, Mbemba huitwa mla nyani, Mngoni mla panya, na mtani ana haki ya kuchekesha watu hata mbele ya jeneza. Wakaanza maneno yao, kwamba marehemu kafa kwa kuchoka kupika nyani kila siku. Bwana Chilekwa akashika koleo la kufukia kaburi akawatimua. Tangu hapo hakuna Mngoni aliyethubutu kumtania, na sisi wengine tukawa tunamwamkia kwa adabu na kupita. Adabu asubuhi, adabu jioni, mpaka mtu akakauka.

Ndipo akaja Thokozile Jere, Mngoni wa Chipata, katoka chuoni kufanya mafunzo kazini. Msimamizi wetu, Siame, akamkabidhi kwa Bwana Chilekwa. Binti hakujua habari za koleo. Asubuhi ya kwanza mzee alimwambia kwa ukali afunge kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu kabla hajagusa chochote, kwa sababu mtambo ukiwashwa na mtu yumo ndani, unamsaga. Thokozile akafunga, akalivuta kuhakikisha, kisha akasema, "Sawa, babu. Kumbe siku hizi hata nyani wanajua kufuli."

Mimi nilishashika dirisha nilifunge. Mzee alimtazama, akamtazama tena.

"Panda ukague oili, panya wewe," akasema. "Na ukikuta ndugu zako humo ndani, usiwale kabla ya saa ya chakula."

Akacheka. Nilikuwa nimesahau kama mtu yule ana meno.

Kuanzia siku ile wakawa hivyo. Akimfundisha kutoa presha kwenye mipira ya oili kabla ya kuifungua, matusi. Akimfundisha kusikiliza beringi inayokufa, matusi. Binti alikuwa akinyofoa samaki kwenye sahani ya mzee bila kuomba, haki ya mtani, naye mzee analalamika huku anaisogeza sahani. Akaanza kunyoa ndevu. Ovaroli ikapigwa pasi, jamani, ovaroli ya grisi!

Mafunzo yakafika mwisho, ukabaki mtihani. Kwetu mkufunzi huficha hitilafu kwenye mtambo, mwanafunzi aitafute kabla ya saa ya chakula. Thokozile akifaulu, kazi inamsubiri Chingola, na huko Chingola ndiko mama yake anakomlelea mtoto wake mdogo, ambaye alishaanza kumwita bibi yake mama. Akifeli, anarudia nusu mwaka, kwa mkufunzi yule yule.

Asubuhi ya mtihani Bwana Chilekwa alinijia dirishani watu hawajafika, akataka kile kifaa chembamba cha kutolea pini za waya. Nikamuuliza cha nini. Hakunificha. Atarudisha pini moja nyuma ndani ya plagi iliyo chini ya kiti cha tingatinga. Plagi itaonekana imeshika, kumbe umeme haupiti. Hata fundi mzoefu angeweza kuhangaika nayo kutwa.

Nilimpasulia. "Mtu mzima hovyo. Mtoto wa watu ana mtoto wake."

"Mama Lweendo," akasema, "nikitoka hapa jioni, mpaka kesho yake hakuna anayeniita jina lolote."

Nikampa kifaa. Nilimkasirikia, na nilimhurumia, yote pamoja.

Thokozile alianza vizuri. Kufuli lake kwanza, kisha betri, fyuzi, waya za stata, kila kitu kwa utaratibu aliofundishwa. Tingatinga kimya. Akarudia tangu mwanzo. Jasho likamtoka, jua likapanda, mzee kasimama pembeni mikono nyuma, hasemi. Alichotakiwa ni kuendelea kunyamaza tu.

Mwishowe binti akashuka, akasimama mbele yake.

"Babu, leo hujanitukana," akasema. "Tangu asubuhi. Mtani akinyamaza, ana jambo."

Mzee akatazama chini. "Plagi ya chini ya kiti," akasema. "Pini nimeirudisha mimi."

"Ili nifeli?"

"Ili ubaki."

Binti akampa mgongo. Mzee akaenda mwenyewe kwa Siame, akaeleza alichofanya. Siame akamfokea mbele ya vijana, kisha akaficha hitilafu nyingine, ya haki, na Thokozile akaipata hata kabla chai yangu haijapoa. Bwana Chilekwa akatia sahihi yake kwenye fomu ya kufaulu.

Jioni gari la Chingola likawa linasubiri getini. Mzee alijisogeza mlangoni, na mimi ninayemjua niliona midomo inacheza. Alikuwa na tusi tayari, zuri pengine, alilolitunga tangu mchana. Thokozile akaja na begi lake. Akapiga magoti kwenye sakafu ya oili, akapiga makofi taratibu kama anavyoagwa mkubwa asiyezoeleka.

"Asante kwa mafunzo, Bwana Chilekwa. Mungu akubariki."

Akainuka, akaenda. Hakugeuka.

Mzee alibaki pale pale hata gari lilipokwisha kuondoka. Vijana wakapita wakimuaga mmoja mmoja, kwa adabu. Nilitaka kumwita nyani, walau alisikie neno lenyewe kabla hajaenda nyumbani. Lakini mimi Mtonga, si mtani wake. Kinywani mwangu lingekuwa tusi tu.